Usalama Uko Kwenye Mizani: Barua ya Wazi kwa Wazalishaji na Wauza Chumvi wa Uvinza, Kigoma na Ujiji

Kwa: Wazalishaji wa chumvi, Uvinza, na wafanyabiashara wa chumvi, Kigoma na Ujiji.
Nakala: Shirika la Viwango Tanzania (TBS), maofisa afya na maofisa lishe wa halmashauri za Mkoa wa Kigoma.

YAH: KIPIMO CHA MADINI JOTO KATIKA CHUMVI

Ndugu wazalishaji na wafanyabiashara,

Kuna nyumba Kigoma ambamo nyama haionekani mwezi mzima, na kuna nyumba ambamo sukari ni ya wageni tu, lakini hakuna nyumba isiyo na chumvi. Anayekula ugali wa muhogo kwa migebuka kule Kibirizi, anayekula maharage Kasulu na mvuvi aliye kambini kusini mwa ziwa hawafanani mapato wala mapishi, ila wote huchota chumvi ileile. Ndiyo maana Serikali, ilipotaka madini joto yamfikie kila Mtanzania, iliitegemea chumvi, na katikati ya miaka ya 1990 ikaweka kanuni kwamba chumvi ya kuliwa na watu lazima iongezwe madini hayo. Tangu hapo mmekuwa wafanyabiashara na, mpende msipende, mmekuwa pia watumishi wa afya ya umma. Nawaandikia kuhusu utumishi huo. Swali linaloulizwa sokoni ni je, hicho kinachoongezwa ni salama, na kinafaa kwa kila mlaji? Jibu langu ni ndiyo, lakini ni ndiyo yenye sharti. Madini joto ni salama yakiwa kwenye kipimo chake, na kipimo hicho hakipatikani jikoni wala hospitali, bali kwenye mizani na mashine ya kuchanganyia pale chumvi inapotengenezwa.

Tuanze na kitu chenyewe. Madini joto ndiyo ayodini, na kwenye chumvi yetu huongezwa kwa umbo la potasiamu ayodeti, kwa sababu umbo hilo huvumilia joto na unyevu kuliko mengine. Mwili huyatumia kutengeneza homoni za tezi iliyo shingoni, zile zinazoamua jinsi mwili unavyounguza chakula, unavyotunza joto lake na jinsi ubongo wa mtoto unavyojengwa tangu tumboni. Kiasi kinachohitajika ni kidogo mno. Shirika la Afya Duniani linataja mikrogramu 150 kwa siku kwa mtu mzima, na 250 kwa mjamzito na anayenyonyesha. Mtu akiishi miaka 70, jumla ya mahitaji yake yote haifiki gramu 4. Udogo huo ndio unaofanya kazi yenu iwe ngumu. Ili gunia la kilo 50 liwe na miligramu 30 za ayodini kwa kila kilo, linahitaji takriban gramu mbili na nusu za potasiamu ayodeti, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai. Kijiko hicho hakina budi kuenea gunia zima, ili kila fungu litakalopimwa kwa kopo Ujiji liwe na haki yake. Akikosea mpishi wa chungu kimoja, familia moja italalamika mchana huo. Akikosea mchanganyaji wa Uvinza, hakuna atakayelalamika, kwa kuwa kitu hicho, kwa viwango hivyo, hakina rangi, harufu wala ladha.

Hasara ya kuyakosa inajulikana vyema. Tezi lililovimba shingoni, yaani rovu, ni dalili tu inayoonekana kwa macho. Madhara mazito hayaonekani: mimba kuharibika, mtoto kuzaliwa akiwa mfu, na mtoto kuzaliwa akiwa na ubongo usiokomaa kiasi ambacho hakuna shule itakayomrudishia. Kabla ya chumvi kuwekewa kanuni, kuanzia miaka ya 1980 hadi miaka ya 1990 nchi yetu iligawa vidonge vya mafuta yenye ayodini katika wilaya 27 zilizoathirika zaidi. Mwaka 2009 wachumi Erica Field, Omar Robles na Maximo Torero walikadiria kwamba watoto ambao mama zao walipata vidonge hivyo wakati wa ujauzito walipanda madarasa zaidi ya wenzao, kwa wastani wa theluthi hadi nusu ya mwaka. Watafiti wengine waliochambua upya takwimu hizo baadaye walisema hesabu hiyo haikusimama imara. Nautaja mvutano huo makusudi, kwa sababu hoja yangu haiegemei juu ya utafiti mmoja wa masomo. Inaegemea juu ya jambo lisilobishaniwa na madaktari, kwamba tezi isiyo na ayodini haiwezi kutengeneza homoni, na mtoto aliye tumboni huitegemea homoni ya mama yake. Inaegemea pia juu ya vipimo vya nyumbani: katika miaka ya 1980 takriban robo ya watoto wa shule waliopimwa nchini walikuwa na tezi lililovimba, na ilipofika mwaka 2004, baada ya miaka kadhaa ya chumvi yenye madini joto, walikuwa wamebaki takriban asilimia 7.

Hapa mkazi wa mwambao ana pingamizi lake, tena ni la haki. Atasema, sisi ni walaji wa samaki. Dagaa, migebuka na kuhe wetu wanatutosha. Kosa la hoja hiyo ni kulichukulia Ziwa Tanganyika kama bahari. Makao makuu ya ayodini duniani ni maji ya bahari, na samaki wa baharini huipata humo. Samaki wa maji baridi hubeba kiasi kidogo sana kikilinganishwa na wale. Tena hata bahari haimlindi mtu kwa kuishi tu kando yake. Watafiti waliopima watoto wa shule Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliwakuta Pemba watoto 32 kati ya kila 100 wakiwa na tezi lililovimba, mahali ambapo ni takriban nyumba moja tu katika kila mia iliyokuwa na chumvi yenye madini joto. Unguja, ambako nyumba zenye chumvi hiyo zilikuwa zaidi ya sitini katika kila mia, walikuwa 21. Ikiwa wavuvi wa Bahari ya Hindi hawakuokolewa na samaki wao, sisi wa maji baridi tutajitetea kwa kipi?

Na kuna jambo la pili linalotuhusu sisi kuliko Wapemba, nalo ni muhogo. Ndani ya muhogo, hasa ule mchungu, mna viini vinavyozaa sayanidi. Mwili ukiiondolea sayanidi hiyo sumu yake, huigeuza kuwa thayosayaneti, na kitu hiki hushindana na ayodini mlangoni mwa tezi. Daktari wa Ubelgiji François Delange na wenzake waliliona hilo katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, ambako watu wenye upungufu uleule wa ayodini walitofautiana kwa wingi wa rovu kufuatana na wingi wa muhogo waliokula. Sisemi muhogo uachwe. Ugali wa muhogo ni chakula halali cha mkoa huu, na kuuvundika vizuri kabla ya kuuanika hupunguza sana ile sumu. Nasema tu kwamba mahali ambapo muhogo ndio mlo wa kila siku, chumvi isiyo na madini joto ya kutosha huumiza zaidi kuliko ingeumiza penye wali na ndizi.

Pingamizi la pili hutoka kwenu wenyewe, nalo lina heshima ya historia. Chemchemi za Uvinza, karibu na mahali mto Ruchugi unapoingia Malagarasi, zimechemshwa kwa muda mrefu kuliko mji wowote wa mwambao huu ulivyodumu. Watafiti Sutton na Roberts walipochimba hapo mwaka 1967 walipata mabaki ya kazi ya chumvi yanayorudi hadi takriban karne ya 5 au ya 6. Misafara iliyopita kwenda Ujiji katika karne ya 19 iliikuta biashara hiyo imekomaa: watu wa mataifa mbalimbali walifika kiangazi kuchemsha, wakawapa wakuu wa Uvinza sehemu ya chumvi yao kama ushuru. Basi, husemwa, kama mababu waliila ikiwa safi kwa miaka zaidi ya elfu moja, kwa nini sisi tuichanganye na kitu cha kiwandani? Jibu langu ni kwamba usafi na ukamilifu si kitu kimoja. Chumvi ya ardhini iliyochemshwa ikakauka si chanzo cha kutegemewa cha madini joto. Hata ile ya baharini hubaki na kiasi kidogo mno ikishakauka. Na mababu hawakuwa salama kama tunavyopenda kusimulia. Kiswahili kina neno rovu, na watu hawatungi jina la kitu ambacho hawajakiona. Hatuvunji urithi wa Uvinza kwa kuongeza madini joto, kama vile hatukuuvunja reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 na gunia likaacha kubebwa kichwani.

Sasa nije kwenye pingamizi zito kuliko yote, ambalo watetezi wengi wa madini joto hulikwepa, nami naona kulikwepa ni kosa. Je, yanaweza kudhuru? Yanaweza. Mwaka 1995 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha taarifa kutoka Zimbabwe, na mwaka 1996 nyingine kutoka Kivu, kwa majirani zetu wa Kongo, kuhusu watu ambao tezi zao zilianza kufanya kazi kupita kiasi baada ya madini joto kuingia katika maeneo yaliyokuwa na upungufu wa muda mrefu. Mgonjwa wa namna hiyo moyo humwenda mbio, mikono humtetemeka, hukonda ingawa anakula, na asipotibiwa anaweza kufa. Waliokuwa hatarini zaidi walikuwa wale waliokula chumvi nyingi kwa maana zote mbili za maneno hayo, yaani watu wa makamo na wazee, ambao kwa miaka mingi ya upungufu tezi zao zilikuwa zimeota vinundu visivyotii tena amri ya mwili. Kinundu kama hicho kikipata ayodini kwa wingi na kwa ghafla, hutengeneza homoni bila breki. Baada ya hapo nchi saba za Afrika zilifanyiwa uchunguzi wa pamoja, Tanzania ikiwemo, na mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na baraza la kimataifa la kupambana na upungufu wa ayodini walipendekeza kwamba chumvi itoke kiwandani ikiwa na miligramu 20 hadi 40 za ayodini kwa kilo.

Yapo mafunzo mawili ya kuchukua hapo, na mtu akilichukua moja tu atapotea. La kwanza ni kwamba hofu ina msingi, kwa hiyo anayeuliza asidhihakiwe. La pili ni kwamba madhara hayo yalihusu kiasi na ghafla, hayakuhusu kuwepo kwa madini joto kwenyewe, na kwa kawaida hupungua kadiri jamii inavyozoea kiwango sahihi, maana watoto wanaokua bila upungufu hawaoti vinundu vile. Tupige hesabu. Kamati ya pamoja ya wataalamu wa viungio vya chakula ya FAO na Shirika la Afya Duniani iliweka kikomo kinachokaribia miligramu 1 ya ayodini kwa siku kwa mtu mzima. Chumvi yenye miligramu 30 kwa kilo ingebidi iliwe zaidi ya gramu 33 kwa siku ili kukifikia kikomo hicho, na mtu anayekula chumvi kiasi hicho ataumwa na chumvi yenyewe kabla ya kuumwa na kilichomo. Lakini mchanganyaji akizidisha mara tano, gramu 7 tu zinatosha kukivuka. Gunia moja lililokorogwa kwa koleo linaweza kuwa na pembe isiyo na kitu na pembe iliyozidishwa mara kadhaa. Hapo ndipo ninaposema kwamba usalama hauko ndani ya kemikali, uko kwenye mizani. Mzalishaji asiyepima humnyima mjamzito wa Kasulu na humzidishia mzee wa Ujiji kwa gunia lilelile.

Wapo pia wanaosema kwamba daktari anatuambia tupunguze chumvi kwa ajili ya shinikizo la damu, kisha ofisa lishe anatusifia chumvi. Ushauri huo haupingani. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na mwongozo wake wa mwaka 2014 unapanga madini joto kufuatana na kiasi kinacholiwa: wanaokula gramu 5 wawekewe miligramu 39 kwa kilo, wanaokula gramu 10 wawekewe 20. Hakuna anayeshauriwa kuongeza kijiko ili apate madini joto. Anashauriwa kuhakikisha kwamba kile kidogo anachokula kinayo. Kwa hiyo chumvi ikipungua mezani, umakini wa mizani yenu lazima uongezeke, usipungue.

Kuhusu kufaa kwa milo na imani, sitakawia. Ujiji ni mji wenye Waislamu wengi, na ni haki ya mlaji kuuliza asili ya kila kiungio. Ayodini ya viwandani hutoka hasa katika madini ya jangwa la Chile na katika maji ya chumvi yanayovutwa ardhini Japani. Haitoki kwa mnyama, na haipitii kilevi. Mwislamu, Msabato na asiyekula nyama wote wanaweza kuila. Mtoto mchanga hahitaji chumvi kabisa. Madini joto yake humfikia kwa maziwa ya mama, na ndiyo sababu mama anayenyonyesha anahitaji zaidi. Na wanaokausha samaki wasihofu, kwani viwango hivi havimbadilishi mgebuka rangi wala ladha.

Linalobaki ni kuuliza kama tunachouza ndicho tunachodai kuuza. Uchunguzi wa mwaka 2004 ulikuta chumvi yenye madini joto katika takriban nyumba 84 kati ya kila 100 nchini, na tukashangilia. Lakini kuwemo si kutosha. Uchunguzi wa taifa wa lishe wa mwaka 2018, uliouliza kama chumvi ya nyumbani inafika angalau miligramu 15 kwa kilo, ulikuta takriban nyumba 61 tu kati ya 100. Kile kimiminika cha matone kinachoigeuza chumvi kuwa ya zambarau huthibitisha tu kwamba kuna kitu. Hakisemi ni kiasi gani, na hakiwezi kumkamata aliyezidisha. Halafu kuna safari. Potasiamu ayodeti hustahimili, lakini haina kinga ya milele. Gunia lisilo na mfuko wa ndani, likilowa masika, hutiririsha maji chini na maji hayo huondoka na madini joto. Gunia lililoachwa wazi juani sokoni mwezi mzima halirudi nyumbani lilivyotoka kiwandani.

Kwa hiyo ninaomba mambo manne. Kwanza, kila mkupuo wa chumvi upimwe kwa kipimo cha maabara kinachotaja kiasi, kabla haujapakiwa, na daftari la vipimo hivyo liwe wazi kwa yeyote anayetaka kulisoma. Pili, wazalishaji wadogo waungane kununua ayodeti na kumiliki mashine moja ya kuchanganyia, kwa sababu koleo halitaeneza kijiko kimoja ndani ya gunia hata mchanganyaji awe mwaminifu kiasi gani. Na ayodeti yenyewe ifungiwe kwa ufunguo, maana ikiwa haijachanganywa ni sumu. Tatu, nyinyi wauzaji, pokeeni chumvi iliyofungwa na yenye tarehe, iwekeni juu ya mbao mbali na jua na mvua, na muikatae isiyo na alama. Nne, TBS, mliokabidhiwa usimamizi wa usalama wa chakula mwaka 2019, pimeni pande zote mbili, upungufu na ziada, kwenye mabwawa ya Uvinza, sokoni Mwanga na kwenye mizigo inayovushwa kwenda Burundi na Kongo, kisha tangazeni mlichokikuta. Kosa la mchanganyaji halina mpaka.

Mtaniambia kwamba vipimo vina gharama, na wateja wetu wanahesabu shilingi. Ni kweli, lakini gharama ya kumwekea mtu mmoja madini joto kwa mwaka mzima hukadiriwa kuwa takriban senti 5 za dola. Kipimo cha maabara kikigawanywa kwa tani nyingi, hakionekani kwenye bei ya fungu. Kinachoonekana ni bei ya kutokupima: imani ikivunjika mara moja kwa gunia moja lililozidishwa, watu hawatamchukia mchanganyaji mmoja tu, wataichukia chumvi yote yenye madini joto na kurudi kwenye ile isiyo nayo. Anayetaka kulinda biashara yake ana sababu ileile ya kupima aliyo nayo anayetaka kulinda afya.

Mnunuzi wa nyama huinusa, na mnunuzi wa dagaa huwatia mkononi akawavunja aone kama wamekauka. Mnunuzi wa chumvi hana la kunusa wala la kuvunja. Huweka senti zake mezani, hupokea fungu lake, na huenda kumtilia mwanawe kwenye mboga kitu asichoweza kukiona. Hana mizani ya kukipima. Nyinyi mnayo.

Wenu,
Mla chumvi yenu, Ujiji.